Elden Ring au Nightreign: Mchezo Upi Umfae Anayeanza?

Swali hili huulizwa hasa na marafiki wawili au watatu ambao wamekwisha kukubaliana kucheza pamoja, lakini wamebaki njia panda kwenye jambo moja: waanze na Elden Ring, au waingie moja kwa moja kwenye chipukizi lake, Elden Ring Nightreign? Majina yanakaribiana, maadui wengi ni walewale, na hata namna ya kuinua ngao na kujiviringisha ili kukwepa pigo haijabadilika sana. Kufanana huko ndiko kunakowapoteza watu, kwa sababu aliyeuzoea mchezo mmoja huingia katika wa pili na mazoea ambayo yatamponza ndani ya dakika kumi za kwanza.

Elden Ring ilitoka tarehe 25 Februari 2022, kazi ya studio ya FromSoftware ya Japani chini ya uongozi wa Hidetaka Miyazaki, na misingi ya historia ya ulimwengu wake iliandikwa na mwandishi wa riwaya George R. R. Martin. Nightreign ilitoka tarehe 30 Mei 2025 kutoka studio hiyohiyo, safari hii chini ya Junya Ishizaki. Nightreign si sehemu ya pili ya Elden Ring, na wala si nyongeza yake. Ni mchezo unaojitegemea, na huhitaji kuwa na ule wa kwanza ili kuucheza. Aina yake huitwa roglaiti, yaani mchezo ambao kila safari huianza ukiwa karibu mikono mitupu, ukajikusanyia nguvu njiani, na ukishinda au ukifa unarudi mwanzo na vitu vichache tu vya kukusaidia safari ijayo.

Wengi hulinganisha michezo hii kwa kuuliza upi ni mgumu zaidi. Naona swali hilo halimsaidii anayechagua, kwa sababu yote miwili itamwua mara nyingi kabla hajaielewa. Tofauti yenye uzito imo katika kile unachoruhusiwa kufanya baada ya kukutana na adui aliyekuzidi nguvu. Elden Ring hukuruhusu umwache hapo alipo, uende kwingine, urudi baada ya siku tatu ukiwa na silaha bora na akili iliyotulia. Nightreign haikusubiri. Karibu kila jambo nitakalolieleza hapa chini linatokana na tofauti hiyo.

Vigezo nitakavyovitumia ni vinne: muda ambao kikao kimoja kinadai, namna ya kucheza na wenzako, namna mhusika wako anavyokua, na hasara unayoipata unaposhindwa. Hadithi nayo nitaigusa, ila kwa kifupi.

Muda wa kikao

Elden Ring ni ulimwengu mpana ulio wazi, na mtu asiye na haraka huweza kukaa humo kwa makumi ya saa bila kuufikia mwisho. Hata hivyo, ukubwa huo haumlazimishi kukaa muda mrefu kwa mara moja. Mchezo hujihifadhi wenyewe kila mara, kwa hiyo mwenye nusu saa huweza kuingia, akachunguza pango moja, akapumzika mahali pa Neema, yaani kituo cha kupumzikia, na kuzima. Kesho ataamka palepale alipoacha. Kasoro yake ni kwamba aliyeacha kwa wiki mbili hurudi akiwa amesahau alikuwa akielekea wapi na kwa nini, na mchezo haumwekei orodha ya kazi za kumkumbusha. Mimi huandika kwenye karatasi, na simwonei haya yeyote kwa hilo.

Nightreign imepangwa kwa namna nyingine kabisa. Safari moja huchukua takriban dakika 40 hadi 45 ikiwa mtafika mwisho, na imegawanywa katika siku tatu. Siku ya kwanza kundi linatua juu ya ramani iitwayo Limveld likiwa na silaha za kuanzia tu. Mnapewa muda mfupi wa kukimbia huku na huko, kisha duara la mvua ya usiku linaanza kujikunja kutoka pembeni, na atakayebaki nje ya duara uhai wake unapungua kwa kasi. Duara hujikunja mara mbili kwa siku. Mwisho wake linabaki eneo dogo, na humo anatokea bosi, yaani adui mkubwa, wa usiku wa kwanza. Mkimshinda, siku ya pili hurudia mpangilio uleule kwa maadui wakali zaidi. Siku ya tatu haina uchunguzi: mnanunua vitu vya mwisho, mnapandisha ngazi kwa runi, yaani sarafu ya mchezo, mlizobaki nazo, mnapita mlangoni na kukutana na Nightlord, yaani yule bosi mkuu mliyemchagua kabla ya safari kuanza.

Ukiwa na wenzako, muda huo hauahirishwi. Kuondoka katikati ni kuwaachia wawili kazi iliyopimwa kwa watu watatu. Kwa hiyo, ingawa dakika 45 zinaonekana ni chache zikilinganishwa na makumi ya saa za Elden Ring, ni dakika zinazotaka zitolewe zote kwa pamoja, bila simu na bila mtoto anayeamka. Mtu mwenye vipande vya muda vya dakika 15 hapa na pale ataumia katika Nightreign, ilhali katika Elden Ring vipande hivyo vinamtosha. Mwenye saa moja kamili kila jioni, kinyume chake, atapata katika Nightreign kitu ambacho Elden Ring haikupi kwa urahisi: mwanzo, katikati na mwisho kabla ya kulala.

Kucheza na wenzako

Hapa ndipo wanaonunua kwa ajili ya marafiki hukosea mara nyingi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Elden Ring inaruhusu ushirikiano, lakini ulimwengu ni wa mwenyeji na wengine ni wageni. Mwenyeji hutumia dawa maalumu, inayotengenezwa kwa maua yaokotwayo njiani, ili aone alama walizoziweka wengine ardhini. Huwaita wageni wasiozidi wawili, na marafiki huweka neno la siri la kundi ili waonane kwa urahisi. Kuanzia hapo masharti yanafuatana. Farasi hatumiki mkiwa pamoja, na hivyo eneo ambalo mtu mmoja hulivuka kwa dakika moja mtalitembea kwa miguu. Mgeni huja na nusu tu ya chupa zake za tiba. Majivu ya roho, yale yanayoita wasaidizi wanaomwokoa mchezaji wa peke yake, hayafanyi kazi mwenyeji akiwa na mgeni. Mwenyeji mwenye wageni huweza pia kuvamiwa na mchezaji mwingine asiyemjua, ambaye kazi yake ni kumwua. Na bosi akianguka, mgeni hurudishwa kwake papo hapo.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalochosha kuliko yote. Chukua marafiki wawili wanaotaka kuupitia mchezo wote bega kwa bega. Wanamshinda bosi katika ulimwengu wa wa kwanza, mgeni anarudishwa, kisha wanabadilishana nafasi na kumpiga bosi yuleyule tena katika ulimwengu wa wa pili, maana ushindi wa kwanza haukumfungulia mgeni mlango wowote kwake. Wapo wanaoufurahia mtindo huu, kwa sababu kila mmoja anabaki na safari yake mwenyewe na anamwita mwenzake pale tu anapokwama. Lakini aliyetarajia matembezi ya pamoja kuanzia mwanzo hadi mwisho atavunjika moyo. Kwenye kompyuta kuna modi iliyotengenezwa na wapenzi wa mchezo inayoondoa vizuizi hivi, ila si sehemu ya mchezo rasmi na haipatikani kwenye PlayStation wala Xbox.

Nightreign ilijengwa kwa ajili ya kundi tangu siku ya kwanza. Watatu mnaanza pamoja, mnapandisha ngazi pamoja, mnaanguka na kuinuana, na ushindi ni wa kila mmoja. Hakuna mvamizi. Farasi hayupo, lakini hakosekani: kila mhusika hukimbia kwa kasi kubwa, hupanda kuta kwa kuruka, na haumii hata akijitupa kutoka kwenye jabali refu. Namna ya kumwinua mwenzako aliyeanguka huwashangaza wageni wote, kwa kuwa unampiga. Juu ya mwili wake panatokea duara la zambarau, na kila pigo la upanga, mshale au uchawi hulipunguza mpaka asimame. Akianguka mara nyingi katika pambano lilelile, duara linajaa zaidi, na kumwinua kunataka mapigo mengi ambayo mngependa yamwangukie bosi.

Upungufu wa Nightreign uko kwenye mawasiliano. Ndani ya mchezo hamna mazungumzo ya sauti wala ya maandishi. Mna alama za ramani tu, ambazo kila mmoja huziweka kuonyesha anakotaka kwenda. Marafiki wanaozungumza kupitia programu nyingine hawatalihisi hilo. Anayecheza na watu asiowajua, waliounganishwa naye na mchezo, atalihisi kila siku: alama tatu za rangi tatu zikielekea pande tatu, na duara linajikunja. Ushauri wangu kwa mgeni ni kufuata alama iliyowekwa kwanza hata kama huipendi, kwa sababu kundi lililokwenda pamoja mahali pabaya hufika mbali kuliko kundi lililotawanyika mahali pazuri.

Kuhusu idadi, wakati Nightreign inatoka ilikubali mtu mmoja au watatu tu, na wawili walilazimika kumpokea mgeni asiyejulikana. Sasisho la mwishoni mwa Julai 2025 liliongeza safari za watu wawili. Anayecheza peke yake naye alisaidiwa na masasisho ya mwanzo, hasa kwa kupewa nafasi moja ya kufufuka mwenyewe katika pambano la bosi wa usiku. Inachezeka hivyo, na wapo wanaoipendelea hivyo, lakini mambo mengi katika ubunifu wake, kama vile kumvuta adui ili mwenzako apumue, hayana maana kwa mtu mmoja. Elden Ring kwa mtu mmoja haina pengo la aina hiyo.

Kabla ya kununua chochote, hakikisheni mnatumia mashine za familia moja. Katika michezo yote miwili, wenye PS4 na PS5 huchanganyika, na wenye Xbox za kizazi kilichopita na kipya vilevile, lakini mwenye PlayStation hakutani na mwenye Xbox, wala yeyote kati yao hakutani na mwenye kompyuta.

Kukua kwa mhusika

Katika Elden Ring unaanza kwa kuchagua tabaka moja kati ya kumi, na uchaguzi huo si kifungo. Ni mahali pa kuanzia tu. Baada ya hapo kila ngazi unaipandisha kwa mkono wako, ukigawa alama kwenye sifa nane, kuanzia uhai na nguvu za mikono hadi akili na imani. Kila silaha ina masharti yake: usipokuwa na nguvu za kutosha, upanga mkubwa utakuwa mzigo. Ndiyo maana watu hutumia jioni nzima wakipiga hesabu za mhusika mmoja, na baadaye mchezo unakupa njia ya kuzigawa upya alama hizo ukigundua kwamba ulikosea. Mpenda kuunda mhusika wake, amvishe na ampe mtindo ambao hakuna mwingine aliyeufikiria, hatapata badala yake katika Nightreign.

Nightreign inakupa wahusika waliokwisha kukamilika. Walikuwa wanane mchezo ulipotoka, sita wakiwa wazi tangu mwanzo na wawili wa kufunguliwa baadaye. Nyongeza ya Desemba 2025, The Forsaken Hollows, iliwaleta wawili zaidi. Ngazi hupandishwa kwa kubonyeza mara moja tu, sifa hujigawa zenyewe, na kikomo ni ngazi ya 15. Silaha hazidai sifa maalumu, ila zile adimu hudai ufike ngazi fulani kwanza, na kila mhusika ana zinazomfaa zaidi. Kuna pia jambo dogo ambalo niligundua kwa kuchelewa: baadhi ya silaha hukupa faida yake kwa kuibeba tu, hata usipoichomoa. Nafasi za silaha ni sita, na mchezaji mzoefu huzijaza zote.

Kwa anayeanza, wahusika watatu hufundisha kwa upole kuliko wengine. Wylder ana upanga mkubwa, kamba ya ndoano inayomvuta kuelekea kwa adui, na uwezo wa kunusurika mara moja pigo ambalo lingemwua. Ironeye hupiga mishale, na hivyo anaweza kumwinua mwenzake aliyeanguka bila kuusogelea mdomo wa bosi. Guardian, mwenye umbo la ndege, hushika ngao na mkuki wa shoka, na uwezo wake mkuu huwainua wenzake walioanguka karibu. Recluse, mchawi anayekusanya mabaki ya nguvu za asili na kuyachanganya, ana madhara makubwa kuliko hao wote mikononi mwa anayemjua, lakini mgeni hutumia safari nzima akikumbuka mchanganyiko upi unatoa nini huku akipigwa. Mwacheni kwa wiki ya pili.

Kinachobaki kati ya safari moja na nyingine ni masalio, mawe madogo yenye rangi ambayo hupachikwa matatu matatu kwenye chombo cha mhusika na kumpa faida kidogo kidogo: moto zaidi hapa, uhai zaidi pale. Hupatikana mwishoni mwa kila safari, iwe mmeshinda au mmeshindwa. Hayafanani na ukuaji wa Elden Ring, ambamo mhusika wa saa ya hamsini humponda adui wa saa ya kwanza. Katika Nightreign kinachokua hasa ni wewe mwenyewe: unajua kanisa hukuongezea chupa ya tiba, unajua mgodini kuna jiwe la kunolea silaha, unajua aikoni ya kambi kwenye ramani inakuambia silaha zake zina moto au umeme.

Maarifa hayo yana kazi ya moja kwa moja. Unapomchagua Nightlord, mchezo unakuonyesha udhaifu wake kabla hujaondoka. Wa kwanza, Gladius, ni mnyama mfano wa mbwa mwenye vichwa vitatu, anayejigawanya kuwa mbwa watatu katikati ya pambano, na anadhurika kwa nguvu takatifu. Kundi linalosoma hilo hupanga njia yake kupitia mahali zinapopatikana silaha za aina hiyo. Kundi lisilolisoma hufika siku ya tatu likiwa na silaha nzuri zisizomhusu.

Kushindwa na gharama yake

Mwanzoni kabisa mwa Elden Ring, hatua chache baada ya kutoka chini ya ardhi, yupo shujaa wa dhahabu juu ya farasi wa dhahabu akizunguka barabarani. Kila mgeni humwendea, na karibu kila mgeni hufa. Nilikufa kwake mara kumi na moja kabla sijaelewa kwamba somo halikuwa kumshinda. Somo lilikuwa kupita kando, kwenye nyasi, na kumwacha. Nilirudi baadaye, juu ya farasi wangu mwenyewe, na hakunichukua dakika mbili.

Ndivyo Elden Ring inavyoshughulikia kushindwa. Ukifa, runi zako hubaki pale ulipoangukia, na unarudi mahali pa Neema. Ukizifikia kabla ya kufa tena, ni zako. Ukifa njiani, zimekwenda. Zaidi ya hapo hupotezi kitu. Silaha ipo, ngazi ipo, njia uliyofungua ipo, na bosi anakusubiri kwa subira ya jiwe.

Katika Nightreign, ukifa mchana unaziacha runi zako chini na ngazi yako inashuka kwa moja, kisha unainuka karibu na hapo na kuendelea. Kundi zima likianguka mbele ya bosi wa usiku, safari imekwisha, hata kama ni dakika ya 40. Mnarudi kwenye ukumbi na masalio yenu machache, na mkianza tena, ramani imepangwa upya: kambi zimehama, na mabosi wa usiku ni wengine. Hakuna kurudi kulipiza kisasi kwa yule aliyewaua palepale alipokuwa.

Mazoea ya Elden Ring huumiza hasa hapa. Safari yangu ya kwanza niliicheza kama mtu aliyetoka kwenye mchezo ule: nilifungua kila sanduku, nikapigana na kila askari aliyenitazama vibaya, nikazunguka nyuma ya kila gofu nikitafuta kilichofichwa. Mvua ilipofika nilikuwa ngazi ya tatu. Wenzangu wawili, ambao sikuwafahamu, walikuwa wamekwisha kufika ngazi ya saba, na mmoja wao aliendelea kuweka alama ileile kwenye ramani, mara tano, mara sita, akiniita ndani ya duara. Nilifika nikiwa na robo ya uhai na chupa moja. Bosi wa usiku wa kwanza alinilaza kwa pigo la kwanza, walinipiga mishale mpaka nikasimama, akanilaza tena. Methali ya haraka haraka haina baraka haifanyi kazi Limveld.

Pamoja na ukali huo, kushindwa katika Nightreign kuna wepesi wake. Ubaya wa safari iliyokwenda vibaya haukufuati kwenye inayofuata, na ukishampita Gladius hakuna bosi mmoja aliyeziba njia yako kwa wiki nzima mpaka ukauchukia mchezo. Katika Elden Ring wapo walioachia njiani kwa sababu ya adui mmoja tu, ingawa ulimwengu mzima ulikuwa wazi mbele yao na hawakujua. Kwa mwenye moyo mwepesi wa kukata tamaa sioni kama mmojawapo una afueni ya wazi. Inategemea kama kinachomchosha ni kurudia pambano lilelile au kupoteza kazi ya dakika 40.

Hadithi na vinginevyo

Elden Ring ina hadithi pana, iliyofichwa kwenye maelezo ya vitu na maneno machache ya watu unaokutana nao, na nyongeza yake ya Juni 2024, Shadow of the Erdtree, iliipanua zaidi. Nightreign imewekwa pembeni ya historia hiyo, na kila mhusika ana kisa chake kifupi kinachofunguliwa kidogo kidogo. Kisa hicho kinaeleweka bila kuujua mchezo wa kwanza. Aliyewahi kucheza mfululizo wa Dark Souls, wa studio hiyohiyo, atapata zawadi nyingine: baadhi ya mabosi wa kale wa mfululizo huo, kama Nameless King, hutokea usiku bila kutangazwa.

Kwa wale wanaoogopa kuumaliza mchezo mapema, Nightreign iliongezewa matoleo makali ya mabosi wakuu kuanzia Juni 2025, na mwezi wa Septemba mwaka huohuo hali iitwayo Deep of Night, ambayo ugumu wake hupanda unaposhinda na kushuka unaposhindwa. Huna sababu ya kuyawaza hayo katika mwezi wa kwanza.

Kulingana na hali yako

Ikiwa utacheza peke yako kwa sehemu kubwa ya wakati, na unataka mahali pa kuzurura, kuunda mhusika wako na kusimama utazame mandhari, Elden Ring ndiyo iliyotengenezwa kwa ajili yako. Nightreign unaweza kuiongeza baadaye, na utaingia ukiwa tayari unajua kusoma mapigo ya maadui wengi watakaokutokea.

Ikiwa mko watatu, mna jioni mbili kwa wiki za pamoja, na mnataka kila jioni iishe na jambo la kusimulia, anzeni na Nightreign hata kama hakuna kati yenu aliyeugusa mchezo wa kwanza. Mtashindwa na Gladius mara kadhaa, na hiyo ndiyo kawaida. Mabosi wengine hawafunguki mpaka yeye aanguke. Wekeni programu ya mazungumzo ya sauti, mmoja achukue Guardian, na mkubaliane kabla ya kutua ni nani anayeweka alama.

Wawili wako katika nafasi ya katikati. Kama ratiba zenu hazilingani na kila mmoja hucheza zaidi kivyake, Elden Ring iliyochezwa na kila mtu kwake, mkiitana kwa mabosi pekee, itawafaa kuliko mnavyodhani. Kama mnakaa pamoja saa moja kamili kila mara, safari za wawili za Nightreign zina uchungu na utamu wake, maana aliyebaki amesimama ndiye pekee wa kumwinua mwenzake.

Aliyekwisha kuimaliza Elden Ring na anataka zaidi ya ileile ajiulize ni nini hasa alichokipenda. Kama ni mapambano, Nightreign itampa mapambano matupu. Kama ni kule kupotea, kuona mnara kwa mbali na kuutembelea kesho, basi Shadow of the Erdtree iko karibu zaidi na kiu yake.

Na kama unaingia Nightreign usiku huu na watu usiowajua, chukua Wylder au Ironeye, fuata alama ya kwanza, pitieni kanisa lililo karibu kupata chupa ya ziada, na mvua ikianza kusogea liache hilo sanduku.